Namna ya Kuchagua Simu Kubwa, Kuishika na Kuitunza

Ukiingia duka la simu Kariakoo ukasema unataka simu kubwa, swali la kwanza la muuzaji litakuwa: inchi ngapi? Wengi hujibu, wakalipa, wakaja kujuta nyumbani. Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa hanamu, kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe inayoitazama. Hazikwambii simu ina upana gani, ina uzito gani, wala uzito huo umelalia upande upi. Hayo matatu ndiyo mkono wako utakayokutana nayo kila siku, kwenye daladala, sokoni na kitandani.

Hatua tatu za mwanzo ni za mtu ambaye hajanunua. Kama simu tayari unayo na inakutesa, anzia hatua ya nne.

Hatua ya 1: Pima upana, achana na inchi

Samsung walipotoa Galaxy Note ya kwanza mwaka 2011, ikiwa na kioo cha inchi 5.3, watu waliicheka kwamba ni simu ya majitu. Leo inchi 5.3 ni simu ndogo kabisa. Lakini tazama upana wake: milimita 83. iPhone 16 Pro Max ya mwaka 2024 ina kioo cha inchi 6.9, na upana wake ni milimita 77.6. Simu yenye inchi chache ilikuwa pana kuliko yenye inchi nyingi! Hata iPhone 6 Plus ya mwaka 2014, inchi 5.5 tu, ilikuwa na milimita 77.8.

Sababu ni mbili. Ile fremu nyeusi iliyokizunguka kioo imepunguzwa mpaka imebaki uzi mwembamba. Pili, umbo limebadilika. Zamani urefu wa kioo kwa upana wake ulikuwa 16 kwa 10 au 16 kwa 9. Siku hizi ni karibu 20 kwa 9. Kioo kikibanwa na kurefushwa, inchi za hanamu zinapanda haraka kuliko eneo lenyewe la kusomea. Tangazo linapendeza, macho yako hayapati nyongeza ya kiasi hicho. Kwa hiyo simu mbili zenye inchi zilezile zinaweza kuwa na nafasi tofauti, na mkononi zikawa vitu viwili tofauti kabisa.

Rula huna dukani, ila kadi ya benki unayo. Kadi zote za benki zina urefu wa milimita 85.6. Geuza simu, laza kadi mgongoni mwake kwa upana, ukingo mmoja wa kadi ulingane sawasawa na ukingo wa simu, kisha tazama upande wa pili kadi imezidi kiasi gani. Ikizidi kwa takriban milimita 8, karibu upana wa ukucha wa kidole kidogo, simu ina upana wa milimita 77 au 78. Hiyo ni simu ya mikono miwili, usijidanganye. Ikizidi kwa sentimita moja na nusu hivi, simu iko kwenye milimita 70 au 71, na watu wengi wanaiweza kwa mkono mmoja. Samsung Galaxy S24 ya kawaida na iPhone 15 ya kawaida ziko maeneo hayo.

Katikati, milimita 73 hadi 75, ndiko kwenye ubishi. Hapo kiganja chako ndicho hakimu. Ishike, halafu bila kuisogeza jaribu kugusa kwa kidole gumba ukingo wa pili wa kioo, usawa wa katikati. Usipofika, hutafika kesho pia.

Hatua ya 2: Uzito, na uzito umekaa wapi

Gramu 170 hadi 190 huzisikii. Ukivuka 200 mkono unaanza kuhesabu. Galaxy A15, ambayo si simu ya kifahari, ina gramu 200. Galaxy S24 Ultra ina 232. iPhone 14 Pro Max ilifika gramu 240. Ukiivisha kava nzito, umebeba zaidi ya robo kilo ya sukari na unataka kusoma nayo ukurasa mzima. Watengenezaji wenyewe waliliona hilo. iPhone 15 Pro Max ilipoacha fremu ya chuma cha pua na kutumia titani ilishuka hadi gramu 221, na Galaxy S25 Ultra ikashuka hadi 218 ingawa kioo chake kiliongezeka.

Lakini gramu si hadithi yote. Laza simu juu ya kidole cha shahada, kidole kikiwa katikati ya mgongo wake, uone inainamia wapi. (Fanya hivyo juu ya meza ya duka, siyo juu ya sakafu.) Simu nyingi kubwa zinainamia juu, kwa sababu kamera nzito zimerundikwa huko. Simu ya namna hiyo ukiishika kwa chini ili kidole gumba kifikie kibodi, kichwa chake kinataka kupinduka, na kidole chako kidogo ndicho kinacholipa gharama. Kati ya simu mbili zenye gramu sawa, chagua iliyotulia katikati.

Tatizo la maduka yetu ni kwamba boksi lina sili na halifunguliwi mpaka ulipe. Omba simu ya maonyesho, au mtafute mtu mwenye toleo hilohilo uishike dakika chache huku ukisoma kitu. Muuzaji anayekukataza hata kushika simu ya maonyesho, nenda duka la jirani. Mtaa wa Aggrey una maduka ya kutosha, na Luthuli kule Nairobi vilevile.

Hatua ya 3: Kingo, mgongo na vitufe

Kioo kilichopinda pembeni kinavutia kwenye picha. Mkononi, nyama ya kiganja inakigusa bila wewe kujua, na simu inapokea amri ambazo hukuzitoa. Protekta yake pia ni shida: ya kawaida haikai vizuri pembeni, na ile ya gundi ya majimaji inayokaushwa kwa taa inaweza kuingia kwenye tundu la spika ya sikioni kama fundi ana haraka. Mimi ningechukua kioo bapa. Samsung nao wamerudi huko: S24 Ultra ni bapa.

Mgongo wa kioo unateleza kwenye mkono mkavu, na juu ya mkono wa kochi unateleza wenyewe taratibu mpaka uanguke. Plastiki isiyong'aa haina heshima sana mbele za watu lakini inashikika, na ikianguka haivunjiki vipande.

Kisha vitufe. Shika simu kama utakavyoishika barabarani, uone kidole gumba kinatua wapi. Kitufe cha kuwashia kiwe hapohapo au karibu yake. Kama alama ya kidole inasomwa chini ya kioo, angalia isiwe chini mno kiasi kwamba kidole gumba lazima kijikunje. Kwa simu kubwa napenda alama inayosomwa kwenye kitufe cha pembeni, kwa sababu simu inafunguka palepale unapoishika. Ukitumia mkono wa kushoto, jaribu kwa mkono huo.

Hatua ya 4: Kava na protekta

Kava nene linaweza kuongeza milimita 3 au 4 za upana na gramu 30 au zaidi. Yaani umechagua simu kwa uangalifu wote ule, halafu kava la elfu tano linakurudisha ulikotoka. Kwa simu pana tafuta kava jembamba la mpira laini lenye mambo mawili tu.

La kwanza, mdomo ulioinuka kuzunguka kioo na kuzunguka kamera. Lipime hivi: laza simu kifudifudi mezani. Kioo kisiguse meza. Kisha iweke chali. Vioo vya kamera navyo visiguse. Protekta ukishaibandika rudia kipimo, kwa sababu protekta nene humeza ule mdomo na wewe unabaki unaamini unalindwa.

La pili, pembe nene. Simu ikianguka mara nyingi hutua kwa pembe, na simu nzito hutua kwa nguvu zaidi. Kava lenye mgongo mwembamba na pembe zilizojaa linafanya kazi kuliko lenye unene uleule kila mahali.

Makava ya ngozi yanayofunguka kama daftari, yenye mifuko ya kadi, siyashauri kwa simu kubwa. Yanaongeza uzito, kifuniko kinaning'inia unapopiga picha, na mwizi akiondoka na simu ameondoka na kadi zako.

Pete ya kubandika mgongoni nayo inasaidia kweli. Kidole cha kati kikipita ndani yake, kidole kidogo kinapumzika. Ibandike chini kidogo ya katikati, siyo katikati kabisa, ili kidole gumba kifike kwenye kibodi. Ijaribu kwanza kwa selotepu kabla hujaibandika moja kwa moja. Kama simu yako inachaji bila waya, pete ya chuma itazuia, chukua inayotoka.

Hatua ya 5: Kuishika

Mwaka 2013 mtafiti wa Marekani, Steven Hoober, alichapisha matokeo ya kuwaangalia watu 1,333 wakitumia simu hadharani. Kati ya waliokuwa wanagusa kioo, asilimia 49 walitumia mkono mmoja, asilimia 36 waliilaza simu kwenye mkono mmoja na kugusa kwa mwingine, na asilimia 15 walitumia mikono yote miwili. Kumbuka simu za wakati ule zilikuwa ndogo. Simu zimekua, viganja vimebaki vilevile, na bado tunazishika kwa tabia za zamani.

Mshiko wa kusomea na kutembeza picha: laza simu kwenye kiganja cha mkono usioutumia sana, vidole vinne vikiwa vimetanuka mgongoni na kidole gumba kikizuia ukingo tu, kisha gusa kwa kidole cha shahada cha mkono wa pili. Huu ndio mshiko wa kawaida wa simu kubwa. Hauna urembo, lakini simu haianguki.

Mshiko wa kuandika: mikono miwili, vidole gumba viwili, vidole vya shahada vikiwa mgongoni chini ya kamera kushikilia kile kichwa kizito. Viwiko vikae karibu na mbavu. Ukiandika ujumbe mrefu, egemeza viwiko mezani.

Mshiko wa mkono mmoja, kwa dharura: usiibebe simu yote kwa kidole kidogo kilichokunjwa chini yake. Ndivyo karibu kila mtu anavyofanya, na ndiyo maana wengine wana alama kwenye kidole hicho. Tanua vidole vitatu mgongoni, kidole cha shahada kiwe juu kidogo ya katikati, simu iegemee kwenye msingi wa kidole gumba. Kidole kidogo kiguse kona ya chini tu, kama tahadhari. Kufikia juu ya kioo, usitambaze vidole mgongoni ukiisukuma simu ishuke. Simu nyingi huanguka hapohapo. Vuta kioo kishuke kwa mpangilio nitakaoutaja hatua inayofuata, au lete mkono wa pili.

Ukilala chali na simu juu ya uso, ulishaonywa na pua yako. Lala ubavu, simu iegemee mto.

Usitumie simu nzito ikiwa inachaji huku kidole kidogo kimekalia waya. Uzito wote unaangukia kwenye plagi, tundu linalegea, na baada ya muda fundi anakwambia sistimu chaji imekufa.

Wakati wa kuongea, usiibane simu kati ya sikio na bega. Simu bapa na pana haibaniki, itateleza. Tumia spika za masikioni. Na ukianza kusikia maumivu kwenye msingi wa kidole gumba upande wa kifundo cha mkono, badilisha mkono na upumzike. Maumivu yakiendelea, muone daktari, maana kano zinazoendesha kidole hicho zinaweza kuvimba.

Hatua ya 6: Ilazimishe simu ishuke kwako

Hapa ndipo simu kubwa inapofugika, na wengi hawagusi kabisa.

Kwenye Android ya toleo la 12 kwenda juu, fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha Ishara, uwashe hali ya kutumia kwa mkono mmoja. Baada ya hapo, ukitelezesha kidole kushuka chini kabisa ya kioo, nusu ya juu inashuka mpaka inafikika. Kila kampuni huhamisha mipangilio hii inapotaka, kwa hiyo njia fupi ni kuandika neno "mkono" kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya Mipangilio. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, andika "one-handed". Kwenye Samsung kioo chote kinapungua na kusogea pembeni badala ya kushuka. Kwa iPhone iko kwenye mipangilio ya ufikivu, sehemu ya mguso, kwa jina la Reachability. Apple waliileta mwaka 2014 pamoja na simu zao kubwa za kwanza.

Kisha kibodi. Kwenye Gboard, ile kibodi ya Google, bonyeza kitufe cha alama ya mkato (,) bila kuachia, utaona alama ya mkono. Telezesha hapo na kibodi yote itajibana upande mmoja. Mshale wa pembeni unaihamishia upande mwingine. Kama kuandika kunachosha, bonyeza maikrofoni useme. Google ilianza kuelewa Kiswahili cha kusemwa mwaka 2017, na inaelewa vizuri ukizungumza bila kukimbia.

Panga skrini ya mwanzo upya. Programu unazofungua kila siku, za kutuma pesa na za kuchati, zikae mistari miwili ya chini. Mistari ya juu iachie saa na picha ya mtoto. Kwenye mipangilio ya skrini ya mwanzo washa ile inayofungua arifa kwa kutelezesha kidole popote kuelekea chini, ili usilazimike kufika ukingo wa juu. Kivinjari nacho kinaweza kuweka sehemu ya anwani chini: Safari inafanya hivyo tangu 2021, Firefox ya Android tangu 2020.

Halafu gawanya kioo. Ni ajabu mtu kununua simu pana kisha aendelee kutazama kitu kimoja. Fungua programu zilizotumika karibuni, gusa alama ya juu ya mojawapo, chagua kugawanya skrini. Mfanyabiashara anaweza kuweka ujumbe wa malipo juu na kikokotoo chini, akapiga hesabu ya siku bila kurukaruka.

Hatua ya 7: Mfukoni na barabarani

Mfuko wa nyuma wa suruali, hapana. Mwaka 2014 iPhone 6 Plus ilipata sifa mbaya kwa kupinda mifukoni, na simu yoyote ndefu na nyembamba iko kwenye hatari hiyo ukiikalia. Mfuko wa mbele, kioo kikielekea paja. Mfuko wa kanzu ni mrefu, ila simu inaning'inia na kugonga kona za meza na milango, ishikilie unapopita. Mfuko wa shati unamwaga simu ukiinama, na wengi wameinama chooni. Akina dada waliozoea kuihifadhi kifuani, simu kubwa imewamalizia mjadala huo, na jasho nalo halikuwa rafiki wa matundu yake. Tumia kipochi chenye zipu, kwenye chumba chake peke yake, mbali na funguo.

Kioo kikubwa kinaonekana kwa mbali. Ukikaa dirishani kwenye daladala au matatu, usiitoe gari linaposimama kituoni. Mkono wa nje unapita haraka kuliko wako. Ukisimama pembeni mwa barabara kusoma ujumbe, geukia ukuta na ushike kwa mikono miwili. Kamba ya kuvaa mkononi inazuia simu isianguke, lakini isiwe imara kiasi kwamba bodaboda akiinyakua unaburuzwa nayo.

Na ninyi waendesha bodaboda mnaofunga simu kwenye usukani ili kufuata ramani: mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone zenye kitulizo cha mtikisiko. Tumieni kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko, au sikilizeni maelekezo kwa sikio moja na simu ikae mfukoni.

Kama unamnunulia mzee

Watoto hununulia wazazi simu kubwa kwa ajili ya macho, na mantiki ipo. Ila mkono wa mzee umepungua nguvu, kwa hiyo uzito uwe chini ya gramu 200 hata kama kioo kitapungua kidogo. Kabla hujamkabidhi, ongeza ukubwa wa maandishi na pia ukubwa wa vitu kwenye skrini. Ni mipangilio miwili tofauti, na wengi hugusa wa kwanza tu. Acha programu sita au saba, nyingine zifiche. Weka kistendi cha mezani sebuleni kwa ajili ya simu za video, ili bibi asiishikilie mkononi muda wote anaoongea na wajukuu. Mwekee kava la mpira lenye rangi kali, nyekundu au njano, aione akiiacha juu ya kitanda. Halafu kaa naye umfundishe kupokea simu kwa kuburuta kidole juu ya alama, maana kwenye simu nyingi akigusa tu na kuachia haitapokeleka. Mpigie ukiwa chumba cha pili, arudie mpaka azoee.